Kabati la mama mkwe na hewa iliyo chini yake

Swali la msomaji:

"Shikamoo fundi. Mama mkwe amehamia nyumba ndogo akatuachia kabati lake refu la chini, la miaka ya 60: milango miwili ya kusukuma, droo tatu, na miguu minne iliyochongoka na kutanuka kama ya ndama anayejifunza kusimama. Juu lina mikwaruzo na alama mbili za glasi, moja nyeupe, moja nyeusi. Nimelipenda mpaka nimeanza kuwinda vitu vingine vya enzi hizo. Nimeshapata saa ya ukutani yenye miale kama jua, na viti viwili ambavyo sponji zake zinamwaga unga. Sasa kuna mtu ananiuzia kile kiti maarufu cha ngozi cha Eames, anaapa ni halisi. Mume wangu anasema tukiendelea hivi sebule itakuwa makumbusho, na sofa letu kubwa la kijivu, ambalo ni jipya, litaonekana limepotea njia. Je, nilipige msasa na vanishi hili kabati lirudi kuwa jipya? Na nipambe vipi bila kuifanya nyumba makumbusho?"

Jibu:

Marahaba, mwanangu. Kabla hujafika mstari wa pili, weka huo msasa chini.

Nasema hivyo kwa sababu nimeshaharibu. Miaka ya mwanzo ya kazi yangu nililetewa meza ya chini ya enzi hizo hizo, juu ina duara jeusi kama lako. Nikachukua mashine ya msasa kwa ujasiri wa mtu asiyejua. Duara likaanza kufifia, nikafurahi, nikabonyeza kidogo zaidi. Ghafla katikati ya ile rangi ya asali ikachomoza nyingine, imepauka, kama kigaga kilichobanduliwa kabla kidonda hakijapona. Nilikuwa nimetoboa ngozi. Ngozi hiyo hairudi. Unaweza kubandika nyingine, lakini mistari ya mti mwingine haikubali kufuata mistari ya ule wa kwanza, na jicho huona.

Mafundi tunaiita vinia: mti uliopasuliwa mwembamba kama karatasi nene, mara nyingi chini ya milimita moja, ukabandikwa juu ya plaiwudi au ubao wa bei nafuu. Samani nyingi za miaka ya 50 na 60 zimetengenezwa hivyo, hata zile za majina makubwa. Watu wakiambiwa hilo hudhani wamepunjwa, walitaka "mbao tupu". Lakini ubao mzima wenye upana wa kabati lako ungepanuka wakati wa unyevu, ungesinyaa wakati wa ukavu, na baada ya miaka michache ungejipinda au kupasuka. Plaiwudi imetulia kwa sababu kila tabaka lake limelazwa likikatisha lile la chini yake. Kuna faida nyingine ambayo unaweza kuikagua sasa hivi: simama mbele ya droo zako, weka kidole kwenye mstari mmoja wa mti kwenye droo ya juu, ufuate mpaka ya chini. Mstari ukiendelea bila kukatika, ujue vinia zote zimetoka kwenye gogo moja, na kuna mtu alikaa kiwandani akazipanga kwa mkono. Huyo ndiye unayetaka kumfuta kwa msasa.

Kwa hiyo tunasafisha, haturudishi upya. Toa droo zote, fagia ndani kwa brashi laini. Chukua maji ya vuguvugu yenye matone machache ya sabuni ya kuoshea vyombo, loweka kitambaa, kikamue mpaka kisidondoshe hata tone, futa ukifuata mistari ya mti, halafu kausha papo hapo kwa kitambaa kingine. Utashtuka uchafu utakaotoka. Nusu ya kinachoitwa "kuchakaa" kwenye kabati kama hilo ni moshi, mafuta ya mikono na tabaka juu ya tabaka za dawa ya kung'arisha.

Likishakauka, jua limepakwa nini. Dondosha tone moja la mafuta mahali pasipoonekana, tuseme upande wa ndani wa mguu wa nyuma, usubiri dakika kumi. Mafuta yakizama, kabati lilimalizwa kwa mafuta, kama zilivyofanywa samani nyingi za msaji kutoka Denmark. Hizo raha yake ni kubwa, maana kupaka mafuta membamba na kufuta yote yaliyobaki juu baada ya robo saa kunatosha kuirudishia rangi uhai. Tone likikaa juu likikutazama, basi kuna vanishi au laka, na mafuta hayatasaidia lolote. Hapo tumia nta kidogo ya fanicha. Tahadhari moja ambayo watu huipuuza: ukitumia mafuta ya kitani, usikunjekunje vitambaa ukavitupa kapuni. Mafuta hayo yanapokauka hutoa joto, na kitambaa kilichosokotwa kinaweza kujiwasha chenyewe bila kiberiti. Vitandaze nje vikauke bapa, au vitumbukize kwenye ndoo ya maji.

Alama zako mbili ni magonjwa mawili tofauti. Ile nyeupe ni unyevu ulionasa ndani ya vanishi, haujafika kwenye mti, na mara nyingi hutoka. Weka kitambaa kikavu cha pamba juu yake, pitisha pasi yenye moto mdogo kwa sekunde chache, inua, angalia, rudia. Ile nyeusi ni maji yaliyopenya mpaka kwenye mti wenyewe. Kuna asidi ya kuiondoa, lakini ni sumu na inataka mkono uliozoea, na mimi kwa kabati la mama mkwe singeigusa. Weka taa juu yake. Bila shaka mama mkwe anakumbuka ilivyoingia.

Milango ikiwa mizito kusukuma, usilazimishe. Shika mlango kwa mikono miwili, uinue moja kwa moja juu: mfereji wa juu huwa na kina kirefu kuliko wa chini, kwa hiyo ukingo wa chini utaachia na mlango utatoka wote. Safisha mifereji kwa kijiti, sugua mshumaa mkavu ndani yake, rudisha mlango. Utateleza kama umezaliwa jana. Na kabati hilo msiliburute kamwe, hata sentimita kumi. Miguu iliyotanuka imefungwa kwa bati dogo na skrubu chache, na nguvu za kuburuta zote huishia hapo. Liinueni watu wawili.

Sasa tuje kwenye hofu ya mume wako, ambayo ni hofu ya haki. Nyumba nyingi zinazopambwa kwa vitu hivi kweli huishia kuwa makumbusho. Ila yeye anadhani kosa ni kuchanganya na sofa jipya, na mimi nadhani kosa ni kutochanganya.

Hebu tazama chini ya kabati lako. Unaona nini? Sakafu. Kati ya tumbo la kabati na sakafu kuna hewa, na zulia au vigae vinaendelea mpaka ukutani. Hilo lilikusudiwa. Baada ya vita kuu ya pili, watu wengi Ulaya na Marekani walikuwa wanahamia nyumba ndogo, dari chini, chumba kimoja kikifanya kazi ya sebule na chumba cha kulia. Makabati ya babu zao, yenye matumbo yaliyokaa sakafuni na mataji ya kuchongwa, yalimeza chumba kizima. Wabunifu wakainua kila kitu kwenye miguu myembamba ili sakafu ionekane, kwa sababu jicho hupima ukubwa wa chumba kwa sakafu linayoiona. Kiti kikawa chepesi mtu mmoja akibebe. Vitu hivi vilitengenezwa viwe vya kawaida, vya kuhamishwahamishwa, vya watoto kuchezea.

Hata maarifa yenyewe yalitoka kwenye shida. Charles na Ray Eames, mume na mke wabunifu wa Marekani wenye kile kiti unachouziwa, walijifunza kuipinda plaiwudi kwa pande zote wakitengeneza magango ya miguu kwa ajili ya jeshi la majini la Marekani, kuanzia 1942. Vita vilipokwisha, mkunjo ule ule uliokuwa unashika goti la askari ukawa mgongo wa kiti. Nyuzi za karatasi zilizosukwa, ambazo leo watu wanalipia fedha nyingi kwenye viti vya Denmark, zilishika kasi vitani kwa sababu nyasi za baharini zilizokuwa zikisukiwa viti zilikuwa hazipatikani. Kiti cha Hans Wegner, mbunifu wa Denmark, chenye mgongo wa umbo la Y, kilichoanza kutengenezwa 1950, hutumia takriban mita 120 za nyuzi hizo kwenye kikalio kimoja, zinasukwa kwa mkono hadi leo.

Kwa hiyo kanuni yangu kwenye kupamba ni hewa. Kabla hujanunua kitu cha nne, hesabu miguu.

Simaanishi mzaha. Eero Saarinen, mbunifu wa Kifini aliyekulia Marekani, alilalamika kwamba chini ya meza na viti vya nyumba za wakati wake kulikuwa na mtaa wa mabanda wa miguu. Mwaka 1957 kampuni ya Knoll ikatoa meza na viti vyake vya mguu mmoja, umepanuka chini kama shina la ua. Yaani watu wa enzi yenyewe waliona kwamba ukijaza chumba vitu vyenye miguu minne minne myembamba, kinawasha macho. Kabati lako lina miguu minne, viti vyako viwili vina minane, na ukiweka meza ya chini ya aina hiyo unafika 16. Ukiongeza meza ya kulia na viti sita, sebule imekuwa msitu wa vijiti.

Ndiyo sababu sofa lenu la kijivu ni baraka. Ni zito, limekaa sakafuni, halina la kusema. Kabati linahitaji jirani wa namna hiyo ili wepesi wake uonekane. Mngekuwa na sofa jembamba la miguu ya vijiti pamoja na kabati la miguu ya vijiti, visingeonekana. Mwambie mume wako sofa libaki, tena libaki palipo na uzito, na kabati liwekwe ukuta wa mbele yake au wa pembeni, mahali ambapo mtu akiingia mlangoni ataona sakafu inapita chini yake. Usisukumize vikapu, viatu wala waya za televisheni kule chini. Najua nafasi inavutia kuijaza. Ukiijaza umerudisha kabati la babu.

Juu ya kabati weka vitu vichache, tena visivyolingana kwa urefu: taa upande mmoja, ikificha lile duara, bakuli au vitabu vilivyolazwa upande mwingine, na katikati uache wazi. Picha ukitundika, isipae juu mno. Kitako cha fremu kikiwa sentimita 20 hivi juu ya kabati, vitu viwili hivi vinasomeka kama kimoja. Ile saa ya jua nisingeiweka juu ya kabati hata kidogo. Ni kitu kinachopiga kelele, na kila mtu aliyewahi kupamba "kizamani" ameiweka pale pale katikati, kabati chini saa juu, kama madhabahu. Hapo ndipo makumbusho yanapoanzia. Ipe ukuta wake peke yake, wa korido au wa chumba cha kulia, ambako itashangaza.

Zulia: liwe moja, kubwa kiasi kwamba upande wa mbele wa sofa na miguu ya mbele ya viti inakaa juu yake. Rangi za mbao hizo (asali, kahawia ya chai kavu) hupatana na kijani cha mzeituni, haradali, bluu iliyoiva, na nyeupe isiyo kali. Chagua moja kati ya hizo rangi za kuwaka uirudie mara mbili au tatu chumbani, basi. Hapa sina mengi, rangi ni jicho la mwenye nyumba.

Taa, hapo nina mengi. Nyumba ikishakuwa na taa moja ya dari katikati inayomwaga mwanga mweupe, hata kabati la Wegner mwenyewe litaonekana liko ghalani. Watu wa enzi hizo walihangaikia mwanga kuliko samani. Poul Henningsen wa Denmark alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kutafuta taa isiyompiga mtu machoni; ile yake ya 1958, PH 5, imepata jina kutokana na upana wa kofia yake kubwa, sentimita 50, na ukiwa umekaa mezani huioni balbu kutoka pembe yoyote. Isamu Noguchi, mchongaji wa Marekani mwenye asili ya Japani, naye alianza 1951 kutengeneza taa za karatasi na mianzi huko Gifu, Japani, akitumia ujuzi wa mafundi wa kandili wa mji huo. Taa za karatasi za namna hiyo, hata zisizo na jina, ni njia nafuu kuliko zote ya kuingiza enzi hii nyumbani, na zinakubaliana na kila kitu. Weka mianga mitatu midogo badala ya mmoja mkubwa: ya juu ya kabati, ya kusimama karibu na sofa, na ya kuning'inia juu ya meza ya kulia, ikishuka mpaka sentimita 60 hadi 70 juu ya meza. Tumia balbu za LED zenye mwanga wa joto, za manjano kidogo. Hazichomi, kwa hiyo kofia kuukuu ya plastiki au karatasi haitaungua.

Ila taa yoyote ya zamani unayonunua, usiichomeke ukutani siku ya kwanza. Waya za miaka ya 50 zilivishwa mpira au kitambaa, na mpira ule ukizeeka hukauka na kumeguka kama ganda la muwa. Ukipinda waya taratibu karibu na shingo ya taa ukasikia unakatika katika, ipeleke kwa fundi umeme abadilishe waya, swichi na kishikio cha balbu. Taa iliyobadilishiwa waya haipungui thamani. Kama imetoka Marekani, kumbuka iliundwa kwa volti 120 hivi. Taa ya balbu ya kawaida inaokolewa kwa kubadilishiwa balbu, waya na plagi, lakini redio ya huko inataka transfoma.

Vile viti vinavyomwaga unga havijaoza, usivitupe. Unga huo ni sponji iliyozeeka: povu la plastiki au la mpira huvunjikavunjika lenyewe kwa hewa na mwanga baada ya miongo kadhaa. Vua foronya kwa upole, hata kama zimechanika, maana ndizo kipimo cha mshonaji. Vaa barakoa ukiwa unatoa unga. Halafu tazama kinachobeba sponji. Ukikuta mikanda ya mpira imelegea kama suruali isiyo na mkanda, hiyo nayo ibadilishwe, la sivyo sponji mpya itazama siku ya kwanza. Mwambie mshonaji asizidishe unene wa sponji. Viti hivi ni vya chini na vimepimwa kwa sentimita. Ukiongeza tatu tu, mikono ya kiti inakuwa chini mno na mgongo hauegemei palipokusudiwa. Nimeona viti vizuri vikigeuzwa stuli kwa sababu ya ukarimu wa mshonaji.

Kabla hujaviingiza ndani, pia, vipindue. Matundu madogo ya duara kwenye fremu ni ya fukusi. Matundu peke yake si tatizo, huenda walishahama miaka 30 iliyopita. Weka karatasi nyeupe chini ya kiti kwa wiki mbili. Ukikuta unga mpya laini wa mbao, wamo. Na kwenye mishono ya kitambaa tafuta kunguni kwa tochi. Hilo silielezi zaidi.

Tuje kwa muuzaji wako anayeapa. Neno "halisi" lina mlango wa nyuma. Kiti hicho cha ngozi kilitoka 1956, na bado kinatengenezwa leo kwa leseni na kampuni mbili: Herman Miller huko Marekani, Vitra huko Ulaya. Kwa hiyo kinaweza kuwa halisi lakini si cha zamani. Kinaweza kuwa cha zamani lakini si halisi, maana nakala zilianza mapema sana, na nakala ya miaka ya 60 leo ina sura ya uzee wa kweli. Muulize ana maana ipi, halafu umsikilize atakavyojikanyaga.

Kisha piga magoti. Kiti chenyewe kinasimama juu ya kitako chenye vidole vitano; kigoda cha miguu kina vinne. Nakala nyingi zina vinne kote. Kiti kinazunguka, lakini hakilali: mgongo umekaa kwenye mwinamo mmoja wa kudumu. Muuzaji akikuonyesha kwa fahari jinsi kinavyojilaza, mshukuru uondoke. Pitisha kiganja nyuma ya magamba ya mbao, kusiwe na kichwa cha skrubu kinachoonekana kwa nje. Hesabu tabaka za plaiwudi kwenye ukingo: vile vya miongo ya mwanzo vina tano, vya baadaye saba. Mwisho, ujue ugonjwa wake. Magamba ya mgongo yameshikwa na vipande vya mpira vilivyogundishwa kwenye mbao kwa ndani, na mpira huo ukizeeka hukauka. Siku moja mtu mzito anaegemea, gundi inaachia, na mbao inachanika nayo. Kama ni cha zamani na vipande hivyo havijawahi kubadilishwa, usikikalie hata kwa majaribio.

Jambo jingine kwenye kiti hicho ni mti. Vya kwanza vilivikwa palisanda ya Brazili, mti wenye mistari myeusi kama moshi, ndugu wa ukoo mmoja na mpingo. Mti huo uliwekwa mwaka 1992 kwenye orodha ya juu kabisa ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini. Kitu chochote chenye mti huo, hata kiwe na umri wa miaka 60, kinahitaji karatasi kuvuka mpaka wa nchi. Ukinunua kwa mtu wa nchi nyingine bila karatasi hizo unaweza kunyang'anywa forodhani.

Ukiniuliza mimi, singekinunua. Sisemi kibaya. Kinahitaji nafasi pande zote, kinadai kutazamwa, na tayari una kabati linalostahili kutazamwa. Chumba kinabeba mzungumzaji mkuu mmoja. Kuna vitu visivyo na jina lolote, vilivyotengenezwa na viwanda vidogo vya Uingereza, Denmark, Italia au Japani, vyenye kiungo safi na mti mzuri, ambavyo hakuna anayevighushi kwa sababu hakuna anayevitafuta. Humo ndimo ningetafuta, tena kitu kimoja tu kwa sasa: meza ya chini ya duara, yenye mguu mmoja au mitatu, ya kupunguza vijiti mbele ya sofa. Pima mlango na kona ya ngazi kabla hujalipia.

Na usinunue seti. Ukiona mtu anauza meza, viti sita, kabati na kioo, vyote vya mti mmoja na mguu mmoja, hivyo ndivyo mume wako alivyoviota usingizini. Mti wa msaji ukae karibu na kitu cha chuma, kioo, rangi ya kupaka, hata plastiki. Kabati moja la kahawia ni kitu kizuri. Makabati matatu ya kahawia ni ofisi ya mkuu wa shule.

Kuhusu jua, mti hubadilika rangi kwa mwanga. Mjozi hupauka, msaji mpya huiva. Ukiacha taa na bakuli mahali pamoja kwa mwaka mzima dirishani, utakapoviondoa utakuta vivuli vyake vimebaki. Visogezesogeze kila unapofuta vumbi.

Sasa kwa kuanzia, leo jioni, toa droo ya juu uipindue. Angalia pembe zake: kama mbao zimeumana kama vidole vya mikono miwili bila msumari, ni kazi ya uhakika. Kisha tafuta chapa. Samani nyingi za Denmark zilipigwa mhuri wa moto au kubandikwa alama ya duara ya Danish Furnituremakers' Control, yaani alama ya ukaguzi wa ubora ya watengeneza samani wa huko; za kwingine zina kibandiko cha karatasi au namba zilizoandikwa kwa chaki na fundi. Hukaa ndani ya droo, nyuma ya ubao wa mgongo, au chini ya tumbo, kwa hiyo chukua tochi ulale sakafuni kabisa. Ukikuta kibandiko, usikisafishe kwa maji. Kipige picha, unitumie, pamoja na ya pembe ya droo.